Tangi Lipo, Samaki Hamna

Chumba Namba Saba,
Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima sana basi angalau unakwenda kazini kwa miguu yako mwenyewe. Mikono yako inaendeleaje na ile sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali? Bado unaipaka mafuta kabla ya kulala na kuivalisha soksi? Usiache, hata wakikucheka.

Sisi huku hatujambo. Kibonge wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, ana meno manane, na anauma kwa yote manane. Baba yake naye mzima, anaendelea na zamu zake kiwandani, anarudi na pamba za magodoro kichwani kama mzee mwenye mvi. Mimi nami mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeuliza picha ya samaki iko wapi, maana hita na kipimajoto ulivituma tangu mwezi wa tatu, ukavifunga ndani ya nguo za mtoto visivunjike, na umeshawaambia wenzako wote wa kufulia kwamba mtoto wa dada yako anafuga samaki wa urembo. Mama Mdogo, waambie ukweli tu. Tangi lipo, samaki hamna. Naona haya hata kuandika, lakini wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka. Nikikuficha wewe, nitamwambia nani?

Nianze mwanzo, maana mwaka jana nilikuandikia kwa haraka, mtoto analia. Hapa mtaani kwetu alikuwepo fundi saa, mzee mjane, kibanda chake kilikuwa na tangi kubwa la kioo ukutani. Ndani mlikuwa na samaki wanaoitwa diskasi. Ni bapa, mviringo kama sahani, wana michirizi ya buluu na wekundu kama kutu mpya. Siku moja nilipeleka saa ya Baba Kibonge, nikakaa kwenye kigoda kumnyonyesha mtoto. Nikaona samaki jike amezungukwa na vitoto vidogo kama punje za pilipili, vinamng'ata ubavuni. Nikashtuka, nikasema mzee, wanamla mama yao! Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Akaniambia diskasi huwalisha watoto wake kwa ute wa ngozi yake, mama na baba kwa zamu. "Mama akichoka, anajipangusa, baba anapokea. Sasa wewe hapo, nani anakupokea?" Tangu siku ile nikawa napita kila siku.

Si utoto, Mama Mdogo, niamini. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Zahanati mbili na hoteli moja huku zina matangi, na vitoto vya diskasi vinatafutwa. Mzee akanifundisha kidogo kidogo, akaniita mwanafunzi wangu. Mimi niliyeacha shule bado naandika kwa penseli! Nikanunua daftari, nikaandika kila alichosema. Tangi liwe refu kwenda juu, maana wao wenyewe ni warefu wa mbavu. Lisikae dirishani, jua litayafanya maji kuwa kijani. Joto liwe ishirini na tisa, lisishuke. Chini usiweke mchanga, ili uchafu uonekane na uuvute kwa mpira. Na wasiwe wawili, mmoja atamwonea mwenzake mpaka amuue. Wawe sita, uonevu ugawanyike. Hilo nililiandika nikacheka mwenyewe, nikiifikiria nyumba yangu.

Mzee alikuwa anahama. Binti yake anamchukua akaishi naye, na huko hakuna nafasi ya tangi. Mfanyabiashara wa duka la samaki alishamwendea mara mbili. Mzee akamkatalia, akaniambia, "Hawa sita ni wako. Sharti ni moja tu. Tangi lako likimaliza wiki sita, uje na ndoo."

Hapo kwenye wiki sita ndipo palipo na mambo yote. Maji mapya, Mama Mdogo, ni kama nyumba mpya isiyo na choo. Samaki anajisaidia humohumo anamopumua, na uchafu ule ni sumu. Lakini wapo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi kwenye sponji ya kuchujia, vinaula uchafu huo vinaumaliza. Vijidudu hivyo havinunuliwi. Unajaza maji, unawasha pampu ya hewa na hita, kila siku unatupia chembe ya chakula cha samaki kikaoze, na unasubiri vizaliane. Unafuga maji kwanza, ndipo ufuge samaki. Na sponji inavyozidi kuchukiza kwa macho, ndivyo inavyozidi kuwa hai.

Basi seremala akanitengenezea meza, tangi nikalipata kwa mama mmoja aliyekuwa anaotesha maua ndani yake, nikaliweka ukutani kati ya kitanda na kabati. Maji ya bomba nililaza kwenye ndoo siku nzima dawa yake iruke. Wiki ya kwanza Baba Kibonge akavumilia. Wiki ya pili akaleta wenzake wa zamu, wakasimama mbele ya tangi kama waliokuja kuona maiti. Mmoja akauliza, "Shemeji, hawa samaki wamejificha wapi?" Baba Kibonge akamjibu, "Wamesafiri." Wakacheka, nami nikacheka nao, nikawapa chai. Mtaani nikawa Mama Maji. Sikujali. Wiki ya nne sponji ikaanza kuwa kahawia, nikaishika kwa vidole viwili, inateleza vizuri, nikasema moyoni, karibuni wageni wangu.

Wiki ya tano akaja wifi.

Wifi unamjua, ulimwona harusini, yule aliyehesabu sahani. Alikuja kukaa siku kumi. Siku ya kwanza tu akasema nyumba inanuka ukungu. Siku ya tatu akauliza kama kaka yake alioa mke au alioa fundi bomba. Nikamweleza habari za vijidudu kwa adabu zote. Akaniangalia kama mtu anayeangalia ugonjwa. Jumatano nikampeleka Kibonge kliniki kwa chanjo. Foleni ikawa ndefu, nikarudi saa nane.

Nilipofungua mlango nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Dawa ya kutolea madoa. Tangi lilikuwa linang'aa. Maji mapya, meupe, ya bomba moja kwa moja. Na sponji yangu, Mama Mdogo, imechemshwa, imesuguliwa kwa brashi, imeanikwa dirishani kwa vibanio viwili, njano kama siku ya kununuliwa. Wifi amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, anatabasamu. "Nimekusaidia wifi yangu. Wiki tano unashindwa kuosha kitu hiki? Sasa lete samaki wako wakae mahali pasafi."

Nilikaa kitandani na mtoto mgongoni, hata sikumfungua. Baba Kibonge aliporudi nikamwambia. Akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akachagua. Akasema, "Sasa hapo kosa liko wapi? Watu wanalipa kuoshewa." Usiku nikageukia ukutani. Kama angesema tu pole, Mama Mdogo. Pole haina gharama.

Wifi ameondoka zake. Nasikia huko anasema alinikuta naishi na bwawa la mbu, akaniokoa.

Ungedhani uchungu wangu unaishia hapo. Laiti. Wifi aliyaua maji, hilo nitalisema mpaka kesho. Lakini samaki niliwapoteza mimi.

Nilipaswa kwenda kwa mzee siku ileile nikamwambia. Sikwenda. Nilishajigamba pale kibandani, kila siku namletea habari za sponji yangu kama mtu anayesifia mwanawe. Watu wote wameshanicheka, bado yeye tu. Nikaogopa akisikia nilishindwa kulinda tangi ndani ya chumba changu mwenyewe ataniona kama wanavyoniona wengine. Nikaanza kuzunguka njia ya nyuma nikienda sokoni. Tangi nikalikausha, Baba Kibonge akaweka juu yake viatu vyake vya kazi.

Siku ya kuhama ilipokaribia mzee alikuja mwenyewe. Magoti yake hayapandi ngazi, akasimama chini akaita, "Mwanafunzi wangu! Tayari?" Nikachungulia dirishani nikamwambia, "Bado kidogo, mzee, yanakaribia." Nilidanganya nikiwa nimemshika mtoto mkono. Akasema hamna shida, maji hayaharakishwi, atasogeza safari wiki moja. Akaisogeza kweli. Kwa ajili yangu. Binti yake akakasirika, gari la mizigo likarudi tupu.

Wiki ile yote niliendelea kuzunguka njia ya nyuma. Jumamosi asubuhi, tarehe sita, ndipo nilipomvisha Kibonge viatu nikashuka. Nikakuta lile gari mlangoni, na yule mwenye duka la samaki yupo ndani ya kibanda, anafunga mfuko wa sita wa samaki kwa mpira. Mzee alikuwa amenisubiri mpaka ile asubuhi. Nikamwambia yote hapohapo, mbele ya watu, wifi, dawa, dirisha, uongo.

Mama Mdogo, mzee hakunicheka. Ningeshukuru angenicheka. Alivua miwani akasema taratibu, "Mbona hukusema? Ningekukamulia sponji yangu kwenye tangi lako, nikakupa na kipande. Wale wadudu wangehamia kwako, siku chache tu ungekuwa tayari."

Nikamwuliza sponji iko wapi. Akanionyesha ukutani. Aliianika tangu alfajiri, juani, imekauka kama mkate wa juzi. Wadudu wote wamekufa. Kitu nilichofanyiwa na wifi kwa ujinga, mzee alikifanya kwa sababu alijua hakuna wa kumwachia.

Akapanda gari. Hakuniita mwanafunzi wangu. Alisema, "Haya, Mama Kibonge, mlee mtoto." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimeandika mengi, mkono unauma, na Kibonge ameshachana ukurasa mmoja, ndiyo maana karatasi hii ni tofauti. Usije ukamwandikia Baba Kibonge kwa hasira. Tunaongea, lakini kama wapangaji wawili, habari za chumvi na za mlango tu. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeona kitu kikiwa safi kimetosha. Juzi aliniuliza hivi maji haya mara hii yanataka wiki ngapi. Sikujua kama ni dhihaka au ni swali. Nikamjibu kama ni swali.

Ndiyo, nimejaza tena. Viatu niliviondoa Jumapili iliyopita, nikalisuuza tangi mara nne mpaka harufu ya dawa ikaisha, na sponji nimenunua mpya. Leo ni siku ya nane. Asubuhi nimetupia chembe yangu ya chakula. Hakuna kinachoonekana, lakini mara ya kwanza pia hakikuonekana.

Na Ijumaa nilikwenda kwenye lile duka. Nilijiambia napita tu. Wamebaki wanne, sikuuliza wawili wako wapi. Wamewaweka karibu na mlango, kila mteja akiingia upepo unawapiga. Yule jike mwenye watoto nilimtambua kwa alama ya pezi lake. Wanapoumwa huwa weusi, na yeye amekuwa mweusi kama sufuria ya mkaa, amejibanza pembeni. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Baridi.

Nikamwambia muuzaji, "Kaka, hawa wanasikia baridi."

Akacheka. "Mama, samaki atasikiaje baridi, anaishi majini? Unanunua au unaangalia?"

Nikasema naangalia.

"Basi angalia, lakini kuangalia nako kuna mwisho."

Nikasimama hapohapo mpaka Kibonge akalala mgongoni. Muuzaji alipogeuka kumhudumia mtu wa chakula cha kuku, nikainama mpaka pua ikagusa kioo, nikamwambia yule jike polepole, wiki tano tu, mwenzangu. Usife. Mara hii nakuja na ndoo.

Kama uko karibu na Mungu kuliko mimi, Mama Mdogo, mwombee samaki. Najua ni maombi ya ajabu.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie mguu wake asiukalie ovyo. Nisalimie wale mapacha wako, Mrefu na Mfupi, na bibi yenu wa chumba cha mbele anayejifanya hasikii. Kibonge amekuachia alama ya meno hapo pembeni, ndiyo busu lake.

Mola aiponye mikono yako, na akurudishie kwa wingi nguvu ulizozimalizia kutulea.

Ni mimi, mtoto wa dada yako na wako pia, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Mama Kibonge