Mrija Mmoja wa Baba Vivianne

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Baba Vivianne amerudi kutoka Angurai akicheka peke yake. Miaka sita sijamwona akicheka akitoka kwao! Wamepatana na Ekisa, ndugu yake. Tangu walipomzika mama yao walikuwa hawasalimiani. Sisi tuliookoka tulikataa chungu cha pombe matangani, na Ekisa akasema tumemtoa mama yake nyumbani kama mgeni.

Leo wazee waliwaketisha. Wazee wa Kiteso hawaamini mdomo mtupu — mkipatana, mnavuta pombe ya ajono kwa mrija kutoka chungu kimoja. Ekisa akavuta, akampa ndugu yake mrija. Na mume wangu, shemasi, miaka kumi na tisa ya wokovu, akavuta! Pombe ya wimbi, bado ya moto. Mara moja tu, anasema.

Nimemwuliza mbona hukuomba soda. Ati soda haipatanishi mtu. Nimekasirika, lakini nimempikia kuku.

Jumapili, 3 Agosti

Habari zilifika kanisani Malaba kabla yetu. Pasta Robinson alimwita mbele. Kwetu aliyeanguka hutubu mbele ya watu, halafu anakaa benchi la nyuma mpaka pasta aridhike. Baba Vivianne hakutubu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pasta, nikitubu hiyo, nitakuwa nimetubu kupatana na ndugu yangu." Kisha akaenda nyuma mwenyewe, akaketi. Benchi alilolipigilia misumari kwa mikono yake! Mabenchi yote ya kanisa lile ni kazi yake, na mimbari pia.

Mwezi uliopita pasta huyu huyu alituhubiria kwamba aliyeshikwa na Bwana haponyoki. Tulipiga makofi, wengine walilia. Sasa nauliza — huo mkono umelegea lini? Au unashika watu wa soda peke yao?

Jumatano, 6 Agosti

Baba Vivianne kifua kinambana tena. Pressure. Amemeza dawa, akaenda karakana. Hakuna hata mmoja wa ushirika aliyekuja kumjulia hali.

Nilimwambia, sema tu umekosa, yaishe. Akaniuliza, "Hata wewe?"

Ijumaa, 8 Agosti

Amekufa. Jana, hospitalini. Siwezi kuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Pasta Robinson amekuja na wazee wawili wa kanisa, pamoja na Benedetta wa kwaya. Alianza na pole, akamalizia na sharti. Mtu akifa akiwa benchi la nyuma, amekufa nje. Jeneza halitaingia kanisani, kwaya haitaimba, yeye mwenyewe hatasimama kaburini.

Nikamwuliza, kwa hivyo mnasema mume wangu Okwi yuko motoni? Ati hapana, hukumu ni ya Mungu. Lakini kanisa haliwezi kusema yuko salama. Basi kama hukumu ni ya Mungu, mbona mnakuja kunisomea mimi!

Alipofika mlangoni akageuka, na sauti ikawa laini kama ya muuza nguo. "Mama, wewe ndio ulikuwa na yeye hospitali. Kama alitubu hata dakika ya mwisho, simama tu useme mbele ya watu. Itatosha."

Nilikuwa naye, ndiyo. Nilimshika mkono. Alisema Ekisa aitwe. Hakusema kingine.

Jumanne, 12 Agosti

Zilpa amekuja kunisaidia kuchagua mchele. Mumewe, mzee Matthew wa baraza la kanisa, alikuwa na nyumba nyingine Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, mke na watoto, na mpaka huu wote ulijua. Alipokufa, Zilpa alisimama kanisani akasema mumewe alitubu. Mzee akazikwa kama askofu.

Leo ameniambia bila kuinua macho kutoka kwa ungo. "Matthew hakutubu, dada. Stroke ilimfunga mdomo. Hata maji alikuwa anaitisha na kidole. Wewe sema tu. Mungu anajua, hawa ndio hawajui."

Nikamwuliza kama tangu hapo ana amani. Akasema chakula anakula, kazi anafanya. Tatizo ni kuimba. Akifika kanisani anafungua mdomo tu, sauti inakataa.

Kumbe ndivyo! Wokovu wa wanaume wetu ndio huu, tunaushikilia sisi wajane kwa uongo. Na pasta anajua. Hawezi kukosa kujua. Alijua kuhusu Tororo na bado alihubiri saa nzima.

Lakini kuna jambo siwezi kumwambia hata Zilpa. Nimeanza kuogopa. Je, kama pasta yuko sahihi? Kama kweli mtu anaweza kutembea miaka kumi na tisa na kuangukia mlangoni? Nilimwona Okwi akiomba alfajiri mvua ikinyesha. Nilimwona akisamehe watu ambao mimi mpaka leo sijawasamehe. Kama huyo amepotea, sisi wengine twende wapi? Nina hasira na Robinson. Nina hasira na Okwi pia — angesema neno moja tu Jumapili ile, singekuwa hapa!

Alhamisi, 14 Agosti

Tumemleta Angurai. Ekisa amechimba kaburi na vijana wa boma, amekataa kupumzika. Jioni alinijia na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, mrija nilimpa mimi. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu." Akafuta uso, akauchafua zaidi. Halafu akasema amesikia pasta anataka nini. "Usiseme alijuta. Ukisema alijuta, mimi nimebaki na ndugu gani?"

Nikamwambia aende aoge.

Vivianne naye amekuja. Msichana wangu wa miaka kumi na saba, macho yamevimba. Hataki mambo ya chungu wala ya benchi. Anataka mtu ashike mic aseme baba yuko mbinguni, basi, na shule nzima isikie, kwa sababu wenzake wanakuja na wameshasikia maneno. "Mum, ni sentensi moja tu." Aliomba kama anaomba sukari.

Nikisema alitubu, nimemdhulumu Okwi mbele ya ndugu yake. Nisiposema, binti yangu atamzika baba yake kama mtu aliyetupwa. Na mimi mwenyewe? Mimi niliyeokoka, nitakuwa nimedanganya juu ya jeneza, mbele za Mungu, nikiombwa na mtumishi wa Mungu! Sijawahi kusikia uchungu kama huu. Nimemwomba Mungu anijibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne asubuhi. Niko ndani ya nyumba ya mama mkwe, nimejifungia, nimesema nabadilisha kitambaa cha kichwa. Hema zimejaa. Watu wamekuja mpaka kutoka Matayos, wale aliowatengenezea milango na vitanda. Jeneza liko chini ya hema — amelichonga msaidizi wake, na limenyooka.

Pasta Robinson amefika, ameketi kwa gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kwaya imekuja pia. Wamesimama karibu na jiko na nguo zao za kawaida, kila mmoja na mfuko wa karatasi mkononi. Uniform ziko ndani ya mifuko! Wamezipiga pasi, wamezibeba kutoka Malaba, na hawajazivaa. Wananingoja mimi.

Vivianne ameshaketi mbele kabisa, mikono magotini, akitazama mic.

Wamebisha. Benedetta ameingiza kichwa. "Mama Vivianne, pole. Pasta anauliza. Tuvae ama tusivae?"

Nyuma yake namwona Ekisa, koleo mkononi. Amesikia. Nimewaambia nakuja.