Nusu ya Baba, Nusu ya Mume

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu basi habari za kazi, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujacheka, maana najua wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na mimi nakuandikia habari za oili ya gari.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na mabunda ya sare nayasambaza kwa gari dogo la zamani alilonipa baba yangu alipostaafu udereva wa lori, na tangu mama afariki baba huja kwangu kila Jumamosi asubuhi, haingii ndani, anafungua boneti, anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukitazama kama daktari anayesoma kipimajoto, halafu anakunywa chai amesimama palepale na kuondoka. Mume wangu ni fundi wa mafriji, anaendesha gari la kampuni ambalo ni jipya, na yeye na baba hawana ugomvi ila mazungumzo pia hawana, wakikutana wanasalimiana, wanataja gari, basi.

Sasa muda wa kubadilisha oili ulipofika baba akaniletea galoni ya semi-sintetiki ya 10W-40, akasema, "Injini hii imetembea, mwanangu, inataka kitu kizito kidogo," na jioni yake mume wangu naye akaja na galoni yake, semi-sintetiki pia lakini 5W-30, akasema hiyo ndiyo ya kisasa, injini inakuwa nyepesi na haili mafuta sana, na kwamba mzee ni mtu mzuri ila bado anaishi enzi za malori. Nikajiuliza, nikitumia ya baba mume ataona simheshimu, nikitumia ya mume baba ataona nimemtupa, basi nikazibeba galoni zote mbili hadi gereji nikamwambia fundi aweke nusu kwa nusu. Fundi akanitazama, akauliza, "Mama, hii ni oili au chai ya maziwa?" lakini akaweka. Baba aliponiuliza nikamwambia ndiyo, nimeweka yako, mume aliponiuliza nikamwambia ndiyo, nimeweka yako, na kusema kweli sikuona kwamba nimedanganya, maana zote mbili zilikuwamo.

Tatizo ni kwamba siku hizi nikisimama kwenye foleni, injini ikiwa imepata moto, ile taa nyekundu ya oili inapepesa kwenye dashibodi, nikikanyaga mafuta inazimika. Nilimweleza mume wangu, akasema kama hata oili nzuri namna ile imeshindwa, basi injini imekwisha, tuliuze gari. Nilimweleza na baba, akaisikiliza injini kwa muda mrefu, akafunga boneti polepole, akasema, "Labda mimi ndiye nimepitwa na wakati." Jumamosi iliyofuata hakuja, na hii iliyopita pia hakuja, nikimpigia anasema magoti yanamsumbua. Nadhani amekasirika kwamba namsikiliza mume. Naomba uniambie, kati ya oili hizi mbili niendelee na ipi ili nyumba itulie?

Mshonaji wa Sare

*

Mwanangu,

Marahaba, umri unaruhusu. Sijacheka, ingawa yule fundi wako amenifanya nitabasamu.

Tuanze na gari, kwa sababu taa nyekundu si ya kuzoea. Usiliendeshe, hata kama kuna shule inasubiri sare. Tafuta usafiri mwingine. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa, chomoa kijiti kama unavyomwona baba yako akifanya. Oili ikiwa chini ya alama, inavuja au inaungua, na fundi atafute wapi. Ikiwa iko sawa, afunge kipimo cha presha ya oili. Usikubali akuambie anaona tu kwa macho.

Sasa uchaguzi. Zote mbili ni semi-sintetiki, yaani oili ya kawaida iliyochanganywa na ya kutengenezwa kiwandani, kwa hiyo hapo wanaume wako walikubaliana bila kujua. Kinachotofautiana ni namba. Ile yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Taa yako inapepesa injini ikiwa imepata moto, basi tazama ya mwisho. Injini iliyolika kwa kutembea sana kwa kawaida hukaa vizuri zaidi na arobaini kuliko thelathini. Fungua kitabu kilichokuja na gari, na kama kinairuhusu 10W-40, weka hiyo. Mumeo hakununua oili mbaya. Inalifaa gari la aina yake, na wewe gari lako ni jingine.

Kuchanganya peke yake hakuui injini. Lakini ulichonacho sasa ni kitu cha katikati ambacho hakuna aliyekichagua. Mwaga yote, badilisha na filta, weka aina moja. Taa ikiendelea hapo, tatizo ni pampu, au vyuma vya ndani, au hata swichi ya taa yenyewe, na kile kipimo kitasema.

Nimemaliza ya gari, nakuja kwako. Unasema hukudanganya. Acha hizo, mwanangu. Nakuhurumia, maana kukaa katikati ya watu wawili unaowapenda kunachosha, lakini tazama ulichofanya. Mumeo anaamini injini ilijazwa oili yake tupu na ikashindwa, ndiyo maana anataka kuuza. Baba yako anaamini ilijazwa oili yake tupu. Mzee aliyeishi na injini maisha yake yote ameisikia ya mwanawe ikilalamika, akatafuta wa kumlaumu, akajikuta ni yeye. Hana hasira na wewe, na magoti yake ni mazima. Anaona aibu kwa kosa lako.

Kwa hiyo usimpigie simu. Nenda, na mumeo muende pamoja, uwaambie wote wawili kwa mara moja, kabla hata hujakaribishwa kiti: nilichanganya. Watakasirika. Waache wakasirike, angalau siku hiyo watakuwa upande mmoja. Halafu mwombe baba asimamie umwagaji wa oili, na mumeo ashike faneli ya kumiminia mpya.

Na Jumamosi atakayokuja, usimngoje kwenye boneti. Mfungulie mlango wa nyumba, chai iwe mezani. Gari hilo ni kuukuu, na ipo siku hakuna oili itakayolisaidia. Siku hiyo ikifika, baba yako awe anajua kiti chake kiko wapi.