Nasadiki Nyuma ya Karakana

Msamala, Songea

Mdogo wangu Deusi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naipokea mapema, maana ukimaliza kusoma barua hii huenda ukaninyima. Mama mgongo unasemaje? Wifi ameshajifungua, au bado anazunguka shambani na tumbo lake kama kawaida yake? Mvua zimeanza huko Ufipa? Huku upepo wa Matogoro unatukata masikio, ila mimi mzima, ukiacha mkono wa kushoto ambao habari yake inakuja.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga unaniambia, "Dada, unawadekeza," halafu mtandao unakatika kwa makusudi. Barua huwezi kuikata. Basi sikia neno lenyewe kwanza: njoo umchukue Kizito. Njoo kabla ya Jumapili ya gwaride, kabla hawajamvisha mwanao utepe wa usajenti. Najua umeshafunga mbuzi wa sherehe. Mfungue.

Wewe shule hii unaijua kwa ile kalenda ya sebuleni: wavulana wa kaki, bunduki za mbao begani, Bikira Maria juu ya mlango. Mimi nesi wao naijua kwa bandeji. Wanasema mapadri wa mwanzo walifyatua matofali kwa mikono yao wapate pa kufundishia watoto wa makatekista kusoma na useremala, basi. Kwata ililetwa na padri mwingine aliyekuwa amehudumia kambi za jeshi. Aliona wavulana wakiamshwa kwa tarumbeta watasali vizuri zaidi. Aliyemfuata akawagawa kombania mbili, Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji, watakatifu wenye silaha mkononi. Aliyefuata tena akamwajiri Afande, mwanajeshi mstaafu, na Afande akaleta mikanda.

Wana desturi wanaiita Kuvuka. Siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa shule, wageni wa kidato cha kwanza wanapitishwa katikati ya mistari miwili ya wakubwa wenye mikanda. Kukimbia hakuna. Unatembea, mikono ubavuni, kichwa juu, unasali Nasadiki, ile sala ya kanuni ya imani, kwa sauti mpaka Amina. Ukikosea neno au ukinyamaza, yule aliyesimama mwisho wa mstari anasema "Rudi," na unaanza upya. Mkuu wa shule, padri msomi kabisa, aliwahi kuniambia kijana anajifunza kuishika imani akiwa kwenye maumivu. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye ninayeiosha hiyo imani kwa spiriti." Akacheka, akaenda zake.

Mwaka huu kulikuwa na Festo, mtoto wa mkulima wa mahindi wa Madaba. Mwembamba, shingo kama ya kifaranga, na ana kigugumizi. Unakijua, Deusi, maana ndicho ulichokuwa nacho wewe. Hata jina lake alikuwa analitoa kwa jasho. Nilimfuata Afande nikamwambia, "Huyu mtoe, hataweza." Akanijibu, "Nesi, mkanda utamfungua ulimi."

Mchana ule nilikuwa zahanati nachemsha vifaa. Nikasikia Nasadiki nyuma ya karakana ya useremala, mtoto mmoja baada ya mwingine, na mikanda ikilia katikati. Halafu ikaja sauti ndogo. "Na-na-nasadiki kwa Mu-mu-mu..." Mkanda. "Mu-mu..." Mkanda, mkanda. Kisha mtu akasema, "Rudi!" Ikaanza tena, ikakwama palepale kwenye Mungu, na tena, "Rudi!"

Mdogo wangu, ile sauti ya kusema rudi ilikuwa ya baba yetu mtupu. Nilifikiri nimechanganyikiwa, baba tumemzika. Nikatoka mbio na trei ya chuma mkononi.

Nilichokiona sitakipunguza ili ulale vizuri. Festo alikuwa anatambaa. Shati limechanika, mgongo umefunguka, damu imechanganyika na pumba za mbao mpaka imekuwa uji. Chuma cha mkanda kilikuwa kimempata jichoni. Bado mdomo ulikuwa unajaribu, "Mu-mu," na bado walikuwa wanapiga, watoto wa watu, wengine wanalia huku wanapiga. Afande ameegemea ukuta, mikono nyuma. Na mwisho wa mstari, mkakamavu, kaki imenyooka, alikuwa amesimama Kizito wetu.

Niliingia katikati. Mkanda mmoja ukanivunja kifundo cha mkono. Nami sikuwa nesi tena, nilimtandika aliyenipiga kwa trei mpaka akakaa chini, nikamtandika na wa pembeni yake. Afande akaniita mwanamke kichaa. Nikamwambia asogee aone ukichaa wenyewe. Hakusogea. Nikambeba Festo kwa mkono mmoja na kifua, na hakuna hata mmoja aliyenisaidia kufungua mlango.

Yuko hospitali mjini. Jicho limekwenda. Figo wanaziangalia. Kusema, hasemi kabisa, hata kile kigugumizi hana. Mama yake alikuja na basi, mkononi ana kuku amefungwa miguu, zawadi ya walimu. Alinisalimia kwa lugha ya kwao, "Kamwene," akiwa bado anatabasamu, kwa sababu ofisini walikuwa wamemwambia mtoto kateleza kwenye tangi la maji. Mkuu wa shule alikuwa ameniomba niseme hivyohivyo. Nilimwambia mama wa watu ukweli palepale kwenye korido. Alimwachia yule kuku, akakaa chini, akapiga ukelele ambao bado ninao masikioni. Ndiyo maana anwani yangu sasa ni Msamala. Nyumba ya shule nimefukuzwa, kazi pia, na polisi nimeshaandikisha maelezo. Usinionee huruma, nimepata chumba kizuri tu.

Kizito alinifuata zahanati nilipokuwa nafungasha. Kaki safi, mkanda unang'aa. Akapiga saluti.

"Shikamoo shangazi. Mkono unaendeleaje?"

"Kwa nini ulikuwa unamrudisha yule mtoto?"

"Utaratibu ni utaratibu, shangazi. Asiposema anarudi."

"Hukuona damu?"

"Niliona." Hakupepesa macho. "Nilikuwa namsaidia. Baba alikuwa na kigugumizi kibaya kuliko hicho, akaponywa na fimbo za katekista. Ameniambia mwenyewe. Na yeye ndiye aliyeniambia nikipewa nafasi ya mwisho wa mstari nisilegee."

Nilikaa sakafuni nikalia mbele yake. Akauliza, "Shangazi, unalia nini? Baba atafurahi."

Deusi, wewe ni mwongo! Katekista alikupiga mpaka ukajikojolea mbele ya wasichana wa komunyo, na ukazidi kukwama. Kilichokuponya ni njia ya kisimani. Wewe na kindoo chako, mimi na ndoo kubwa, naiimba Nasadiki polepole na wewe unanifuata. Ukikwama tunatua ndoo, tunasimama, tunangoja mpaka neno litoke lenyewe. Hakuna aliyekupiga njiani. Kwa nini hiyo hukumwambia mwanao? Unaona haya kwamba uliponywa na dada mwenye ndoo?

Huyo Kizito alipoingia kidato cha kwanza nilimbandua shati mgongoni kwa maji ya uvuguvugu, akilia anakuita wewe. Nilikupigia simu. Ukasema atazoea. Haya, amezoea.

Msalimie mama, mwambie mkono unaunga, asianze kufunga kula kwa ajili yangu. Msalimie wifi, na huyo mtoto akiwa wa kiume aniulize kwanza mimi kuhusu shule. Mjomba wetu fundi baiskeli mpe mkono. Yule mzee katekista, kama bado yupo, mpite tu.

Nauli ukikosa, muuze huyo mbuzi.

Ukifika Songea usije kwangu kwanza. Mchukue Kizito shuleni, mwende wote hospitali. Mama yake Festo nimeshamwomba, na amekubali kwa shida, kwa ajili ya mtoto wake tu. Ukae kitandani kwa Festo, umwanzishie Nasadiki taratibu, kama sisi njia ya kisimani, na Kizito awe amesimama hapo anasikiliza. Najua ukiwa na uchungu ulimi wako bado unashika. Ukifika kwenye Mungu ukakwama, kwama, mdogo wangu. Mwanao akuone, na angoje.

Ni mimi dada yako,
Apolonia