Safari Hii Utaumwa Nini?

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako unisemee kwa mke wangu, maana mimi ni kinyozi, nina kibanda cha kiti kimoja, na msimu uliopita nilinunua magunia ya vitunguu nikayaweka stoo, bei ikawa imelala, mnunuzi mmoja akaniahidi faida kiduchu nikakubali aje Ijumaa kuyabeba, lakini Alhamisi homa ikaniangusha, ufunguo ninao mimi, simu imeisha chaji, mnunuzi akagonga stoo akachoka akaenda zake, na nilipoinuka kitandani mvua ilikuwa imekata barabara ya shambani, vitunguu vimeadimika, nikauza mara tatu ya bei ile. Sasa mtaani naitwa Profesa wa Soko, wateja wananiuliza bei hata kabla sijawafunga kitambaa shingoni, na nimegundua kipaji ninacho, kwa hiyo nataka faida yote irudi kwenye vitunguu, na juu yake tuuze cherehani ya mke wangu, ile inayolipa ada za watoto, tujaze stoo mpaka juu. Mke wangu hakugomba. Aliendelea kushona, akaniuliza tu, "Safari hii utaumwa nini, baba watoto?" Imeniuma sana, shangazi, hiyo ni dharau. Nimfanyeje?

Profesa wa Soko

Marahaba, Profesa. Pole kwa homa na hongera kwa faida. Ni halali yako, na nimefurahi nawe. Lakini wewe bwana, uliisoma barua yako kabla ya kuituma? Ijumaa ulikuwa tayari kuuza kwa hela kiduchu. Aliyengoja bei ipande si wewe, ni homa, na sasa unataka kuizawadia cherehani ya mama watoto!

Niambie, fundi: kichwa cha kwanza kilipotoka vizuri, ulifungua kibanda siku hiyo hiyo? Uliharibu vingapi kabla mkono haujatulia? Vitunguu huoza, na mizigo ya wenzako huweza kuingia sokoni siku moja na wako. Hayo bado hujayaonja, ndiyo maana nakuogopea. Mkeo hajakudharau. Amekuuliza swali la maana, tena kwa upole kuliko mimi.

Cherehani haiguswi. Sehemu kubwa ya faida nunua kiti cha pili, tafuta kinyozi wa kukusaidia, kwa sababu kunyoa unakujua kweli. Kinachobaki nunua magunia machache, ambayo hata yakioza mtakula na kulala kama kawaida. Kabla hujafunga stoo, mwambie mkeo utauza lini na kwa nini. Ukikosea, jifunze. Misimu kadhaa ikipita unapatia ukiwa mzima wa afya, mimi mwenyewe nitakuita Profesa bila kucheka, na naamini unaweza kufika huko.

Leo ukirudi nyumbani vuta kiti karibu na cherehani, umjibu: "Safari ile homa iliniokoa, mama watoto. Safari hii tufikiri wote." Halafu chonga ufunguo wa pili wa stoo, umkabidhi.