Nyasi Nilizomtandikia Mtu wa Bima

Jumatano mchana, Kiruruma. Mvua imekatika sasa hivi, migomba bado inadondosha maji.

Salamu kwanza. Baba Koku, huko kwenye ujenzi Geita, sisi hatujambo, wasiwasi ni juu yako tu. Mama yako hajambo, ila kifua kinambana asubuhi. Anasema nikusalimie mara mbili kwa sababu ya kwanza utaisahau. Koku hajambo, ndiye ananirekebishia herufi humu kwenye ukurasa wangu. Mugisha hajambo, jino la mbele limeng'oka na anacheka hivyo hivyo. Mbuzi nao wazima. Na ninyi wengine mnaosoma, nisiowajua sura, habari za huko kwenu?

Leo nina jambo.

Tangu nyumba ya dada yangu kule Mabira iungue, usingizi wangu ni wa kuiba. Watu walimjali, siwezi kusema uongo. Walileta ndizi, walileta blanketi, walileta masufuria na machozi. Paa hakuna aliyeleta. Na utamlaumu nani? Nani ana paa la ziada?

Ndipo nikasema, yangu nitaikatia bima. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kikigawana, fungu langu halinunui kochi wala kitenge.

Basi jana wakala wa bima akatoka Omurushaka kuja kuikagua nyumba. Mgeni mkubwa huyo. Nikafanya kama nilivyolelewa: nikachukua nyasi nilizokausha, zile laini, nikatandika sebule yote. Siku nyingine naishia hapo. Jana kwa furaha nikapitiliza, nikatandika mpaka chumba cha nyuma anakopikia mama mkwe. Nikaweka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nyumba ikanukia vizuri, nikajiona mwanamke kamili.

Kijana akavua viatu, akasifia, akatafuna kahawa. Halafu macho yake yakaanza kuzifuata zile nyasi, kutoka kwenye kiti chake, polepole, mpaka kwenye mafiga.

"Mama, na moto mnauwasha hapo hapo?"

"Hapo hapo, mwanangu. Ndipo penye joto."

Akaacha kutafuna.

Nilikuwa nimeutandikia moto njia.

Akanieleza kwa upole. Kama moto unakaa ndani namna ile, ofisini kwao hawatakubali. Nikiutoa, nikaujengea jiko lake nje, Jumamosi atarudi kutazama tena.

Mama mkwe alikuwa anasikia yote. "Huyu mtoto amewahi kulala hapa mwezi wa sita akaijua baridi yetu? Mwambie aikatie bima na mifupa yangu!"

"Shikamoo, bibi," kijana akasema. "Mifupa ni dirisha lingine kule ofisini."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza.

Nakiri hapa, namwogopa yule mama. Ule moto aliukuta alipoolewa, na analala pembeni yake mpaka leo. Kuutoa nje ni kama kumtoa yeye. Jana jioni yote nilimzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Lakini nikajiuliza swali moja. Zile nyasi zikishika moto tumelala, nani hataweza kuinuka haraka?

Ni yeye.

Hapo woga ukabadilika, ukawa kitu kingine.

Asubuhi hii nikapiga magoti mbele yake kama siku ya kuletwa hapa. Nikamwambia, "Mama, moto unatoka. Wewe hutoki." Nikamweleza kwamba pesa ya kahawa itanunua blanketi zito, na kila jioni nitamletea kaa la kuota, nikae naye mpaka ajisikie joto, kisha nilitoe nje mwenyewe kabla hajalala. Akachezea mkufu wake wa rozari. Nikasema leo nimekwisha.

"Hilo jiko mlango wake utaangalia wapi?"

"Utaangalia nyumba, Mama."

"Uangalie njia. Nyumba naijua."

Nikaenda nyuma ya migomba nikalia kidogo, nikarudi na panga.

Sasa, Baba Koku, hapa ndipo penye neno langu kwako. Nguzo zipo kwenye kibanja chetu cha migomba, udongo tunao, jirani yetu Byera atanisaidia kusimamisha. Mabati ndiyo sina. Yaliyopo ni yale yako, uliyoyahifadhi kwa ajili ya duka lako la barabarani. Najua ulivyoyanunua moja moja. Najua kila ukija likizo unayahesabu kabla hujala. Fungu la bima siwezi kulinunulia mabati, maana nikiligusa tutakuwa na jiko zuri na nyumba isiyo na bima.

Duka litangoja. Moto haungoji.

Ningesema nakuomba, ila nguzo mbili tayari nimezikata. Hata hivyo sitaki kugusa kitu chako bila sauti yako. Nijibu upesi, mume wangu, kabla ya Jumamosi, hata kama ni neno moja tu.

Mama yako ameshachagua mlango.