Mtoto Asiyekula Peke Yake

Korogwe,
Jumatano baada ya Pasaka

Mdogo wangu Anjelina,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, nami naitikia marahaba kwa moyo wote. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko kwetu Ukata? Wakati kama huu nakumbuka ukungu unavyokaa hadi jua linakaribia utosini, na maharage yanavyoanza kufunika mashimo ya ngolo shambani mlimani. Sisi hapa tu wazima. Paulina wangu anakohoa kidogo asubuhi, na mimi macho yamepungua, nasoma gazeti nje kwenye mwanga tu. Shamba la mkonge limesimama. Wanasema linatafutiwa mnunuzi. Ile mashine iliyoniamsha tangu ujana imenyamaza, na tangu inyamaze nachelewa kuamka. Nusu ya nyumba za kambi hazina watu, na waliobaki wamegeuka wachuuzi.

Barua uliyompa kijana wetu Kostantini aniletee nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Paulina asikie. Unataka nimrudishe mjukuu wetu Veronika, asafiri na Kostantini huyo huyo, kwa kuwa umesikia mambo mawili: kwamba hataki kula, na kwamba amebadili dini. Umeandika, "Nilikupa mtoto Mkristo mwenye mashavu." Sikukasirika. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake alipofariki, na kama ningeyasikia hayo nikiwa huko ningeandika makali zaidi. Tena Kostantini hakusema uongo. Mwezi wa Ramadhani alipita hapa akienda Tanga kuchukua marobota yake ya mitumba, akamwona mtoto amekataa uji wa mchana, akaona na tende mkononi mwake. Alichokiona ni kweli. Naomba nikueleze kilichokuwa nyuma yake, kisha uamue.

Veronika alipokuja kuanza kidato cha kwanza alikuwa mtoto uliyemtuma: mpole, anapiga goti kuamkia, hajibu mpaka aulizwe. Mwezi wa kwanza sikuona tatizo. Mwezi wa tatu matokeo yakaja, na yule aliyekuwa akiongoza darasa Ukata alikuwa karibu na mkia. Nikaenda kwa mwalimu wake wa darasa. Akaniambia, "Mzee, mtoto wako hana kosa. Hachelewi, hapigi kelele, hajibizani. Ila ni kama hayupo."

Wajua mimi ni mtu wa vitabu. Nikafikiri kwa namna ya vitabu: mtoto anahitaji utulivu na mwanga. Nikamnunulia taa yake mwenyewe na kumtengea meza pembeni, asisumbuliwe na mtu. Akakaa pale kila jioni, kichwa chini, na alama hazikusogea.

Paulina ndiye aliyegundua jambo jingine. Kila asubuhi alimfungia mihogo ya kuchemsha ya kula wakati wa mapumziko, na kila alasiri alikuta mihogo imerudi ndani ya mfuko, haijaguswa. Tukampeleka zahanati. Wakampima malaria, hana. Wakampa dawa ya minyoo, akaimeza kwa adabu, na mihogo ikaendelea kurudi. Mwisho nikamketisha na kumuuliza.

"Mbona huli shuleni?"

"Huwa nangoja, Babu."

"Unangoja nini?"

"Mtu."

Anjelina, wewe wajua. Kule kwenu jioni kila nyumba bado inapeleka chungu chake kwenye baraza la sengu, na ukoo mzima unaketi na kula pamoja. Mtoto wa Kimatengo hajawahi kuambiwa kwamba kula peke yake ni vibaya, kwa sababu hajawahi kuona ikitendeka, ila kwa mtu mchoyo au mtu wa kutiliwa shaka. Shuleni hapa, kengele ya mapumziko ikilia, kila mmoja hukimbilia uani kununua chake, au hukaa na wawili watatu aliosoma nao tangu darasa la kwanza. Veronika alikuwa akifungua mfuko wake, akiuweka wazi magotini, akingoja wa kuketi naye. Kengele ya pili ilipolia aliufunga. Na mtoto ambaye hakuna aliyemkaribia kwenye chakula, unadhani darasani atainua mkono aseme sijaelewa?

Mimi nilimwelewa haraka kwa kuwa yalinipata. Nilipofika hapa kijana na lori la vibarua, kambini kila mtu alijipikia kwenye kopo lake. Nilikuwa nafunga mlango ndipo nile, nikitafuna upesi, kama mwizi. Sikukuandikia hayo wakati ule.

Nikataka kwenda kwa mwalimu mkuu nimwombe ampatie mtoto rafiki. Paulina akanizuia. "Utamwambia nini? Rafiki hagawiwi kama daftari." Basi nikakaa. Niliomba tu, na kumwambia Veronika aendelee kuufungua mfuko.

Aliyekuja si yule ningemchagua mimi. Ni Zaina, binti wa mama anayekaanga mihogo uani pa shule, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko kimo. Hapa mtu yeyote aliyetoka kusini huitwa Mngoni, na mimi nilikwishachoka kuwaeleza kwamba sisi ni Wamatengo. Siku moja Zaina akasimama mbele ya Veronika.

"We Mngoni, hicho chakula kinamngoja padri aje akibariki?"

"Kinangoja mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote."

"Basi mimi ndiye Yeyote," akasema, akaketi, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote. Alipomaliza akasema, "Mwambie bibi yako mihogo yake haina chumvi. Kesho aongeze."

Veronika alinisimulia hayo jioni akiwa amesimama mlangoni, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Paulina akaongeza chumvi.

Darasani Zaina huuliza hata yale asiyohitaji kujua. Mwanzoni Veronika alimnong'oneza maswali yake, na Zaina akayauliza kwa sauti kana kwamba ni yake mwenyewe. Halafu akachoka. "Swali lako, mdomo wangu, na mwalimu akikasirika anakasirikia mimi. Leo uliza mwenyewe." Veronika akauliza swali la hesabu, kwa sauti ndogo hata mwalimu akamwomba alirudie. Aliporudia, mwalimu akasema swali hilo lingewafaa wote, akalijibu ubaoni. Tangu siku hiyo mtoto amekuwepo. Jioni hutandika mkeka uani, ile taa katikati, yeye na Zaina, mmoja akimfundisha mwenzake hesabu na mwenzake akimsahihisha matamshi ya Kiingereza, na kelele zao hunifukuza na gazeti langu. Mwisho wa mwaka alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Meza niliyomtengea sasa Paulina anawekea ndoo.

Sasa nafika kwenye funga. Mwaka huu Ramadhani iliikuta Kwaresima njiani, zikaenda pamoja. Zaina alipoanza kufunga, Veronika akaacha kula mapumziko. Zaina mwenyewe alimwambia, "Kula bwana, mimi sijakukataza." Akajibu, "Nitakula ukila." Na jioni akawa anafuturu kwa kina Zaina.

Mimi sikujua hadi mama Zaina alipokuja hapa, amejitanda, hataki hata kuketi. "Mzee, mtoto wenu anafunga na sisi. Wallahi hatukumwambia. Nimekuja mseme wenyewe kabla watu hawajasema." Nilimheshimu sana kwa hilo. Nikamwita Veronika mbele yake.

"Unafunga ya nani?"

"Babu, si ni Kwaresima?"

"Kwaresima hatukatazwi uji wa mchana."

Akafikiri kidogo. "Nafunga Kwaresima," akasema, "ila nafuata saa za Zaina."

Mama Zaina alijifunika mdomo kwa khanga acheke. Mimi sikumkataza. Kila Jumapili alikuwa kanisani na Paulina, na Pasaka alikomunika nikimwona kwa macho haya yaliyopungua. Mashavu ni kweli yamepungua kidogo. Amerefuka, Anjelina. Ukimwona utajua ni urefu.

Juzi Kostantini akafika na barua yako, akitoka Tanga na mzigo wake. Sikumwambia mtoto kilichoandikwa. Alitutazama nyuso, akaingia ndani, akafunga sanduku lake bila kuambiwa na bila kulia. Nikamuuliza anasemaje. "Bibi akisema nirudi, nitarudi," akasema.

Zaina akaja, akaliona sanduku. Aliingia jikoni, akatoka na sinia la ugali na dagaa alilokuwa ameandaa Paulina, akaliweka chini kati yao. Wakala polepole, bila maneno. Kostantini alikuwa ameketi barazani akihesabu marobota yake. Zaina akainua kichwa. "Kaka, sogea. Au wewe huko kwenu mnakula mkitazamana kwa mbali?"

Yeye naye ni mtoto wa sengu, angekataaje? Akanawa, akasogea. Veronika akamsogezea dagaa upande wake, kama anavyofanya mdogo kwa mkubwa. Walikula mpaka sinia likawa jeupe. Kisha Kostantini akanawa tena, akaja kwangu, akasema, "Mzee, andika barua. Mimi nitabeba barua."

Basi hii ndiyo aliyobeba. Si amri yangu kwako. Mtihani wa kidato cha pili uko mwishoni mwa mwaka, na ninakuomba mwaka huu tu umwache hapa aufanye, akiwa na mtu wa kumwuliza na wa kula naye. Akija huko kabla, atakuja mtii na kimya, na kazi ya kumfungua itaanza upya, katika shule nyingine, na sijui kama Zaina mwingine atapatikana. Lakini Kostantini akirudi na neno lako lile lile, nitambebea sanduku hadi stendi mwenyewe. Sitabishana na wewe uliyemnywesha maziwa kwa kijiko.

Mpe shikamoo yangu shangazi yetu mkubwa, kama bado ananitambua kwa jina. Msalimu shemeji yangu, mume wako, na mwambie nimesikia kahawa yake imeiva vizuri. Wasalimu binamu zetu wa Mbamba Bay wanaotuletea dagaa wale wa usipa huko mlimani, na katekista aliyembatiza Veronika, umhakikishie ubatizo wake haujapotea. Paulina anakusalimu na kuyaombea magoti yako.

Sanduku bado halijapakuliwa. Lipo chini ya kitanda chake, na kila asubuhi anachukua humo sare, anaivaa, anaikunja ya jana na kuirudisha humo, kisha anafunga. Anangoja useme.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Benedikto