Rozalia na Lozalia

Jumanne, jioni

Sasa najua tunanunua mfumo upi, na meneja akitaka kubishana kesho, nipo tayari.

Wiki mbili nimewasikiliza wauzaji wa mifumo ya kusimamia nani anaruhusiwa kuingia wapi kwenye kompyuta za kampuni. Wote wana picha nzuri. Leo nimechoka na picha. Nikawaambia wajaribu mifumo yao mbele yangu, kwa orodha yetu wenyewe ya wafanyakazi, kuanzia kiwanda cha samaki Igogo hadi ghala la Busisi.

Orodha hiyo makarani wetu wameiandika kama wanavyotamka. Lukas huku, Rukas kule, kumbe ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Akiacha kazi tunafunga moja, nyingine inabaki wazi. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mifumo miwili ya kwanza ilisema kila kitu kiko sawa. Sawa wapi!

Wa tatu ulikaa kidogo, kisha ukatoa majina yenye mashaka. Muuzaji akasoma la kwanza. "Dada, Rozalia wa makao makuu na Lozalia wa Busisi wana namba moja ya kitambulisho. Ni nani huyu?"

Ni mimi. Nilianzia kazi Busisi. Mimi ninayefunga akaunti za wenzangu, na yangu ya zamani bado inafungua kompyuta za ghala!

Nimecheka mpaka machozi. Ila nimeogopa pia.

Kesho, kabla ya kikao na meneja, naifunga akaunti ya Lozalia. Mwenye ruhusa ya kuniita hivyo atabaki mama tu.